Picha Tumepiga Sisi, Maneno Kaweka Nani?

Mliokuwa mnauliza tumepotelea wapi wiki mbili hizi, tulikuwa Katavi. Mwenzetu mmoja kaolewa Mpanda, nasi tulimuahidi kuwa bahari haitotuzuia kwenda kumtazama. Boti, basi, tena basi jengine, na mifupa mpaka leo inalalamika.

Siku ya tatu shemeji akatupeleka Sitalike, kijiji kilichopo mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kiangazi kimeukausha Mto Katuma umebaki madimbwi, na viboko wamejazana humo mgongo kwa mgongo kama abiria wa gari za Darajani jioni. Kila mgeni anasimama na kutoa simu. Nasi tukatoa. Tulipowamaliza viboko tukageukia barabarani, tukampiga mama mmoja muuza karanga, mtoto mgongoni, vumbi usoni, jua linamwangaza ubavuni. Picha nzuri, wallahi. Mama akatutazama, akasema bila ya ukali: "Kila anayekuja ananipiga picha. Sijui huko ninakopelekwa nasemwa nini."

Hatukuwa na jibu. Tulinunua karanga zake tukaondoka.

Usiku ule, Mpanda, mazungumzo yakatupeleka kwa Mohamed Amin. Wadogo zetu wengi hawamjui, na ni haki yao kuambiwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, wazee wake wametoka Punjab, akakulia Dar es Salaam na kamera mkononi tangu utotoni. Mwaka 1963, hata miaka ishirini na moja hajatimiza, alifungua kampuni yake ya Camerapix hukohuko Dar. Januari 1964 alikuwa hapa Unguja na kamera yake wakati wa Mapinduzi. Mwaka 1966 picha zake zikamuingiza gerezani hapahapa kwetu, siku 28, kisha akarudishwa Kenya. Mtu mwengine angeuza kamera akafungua duka la vitambaa.

Lakini dunia inamjua kwa Korem. Oktoba 1984 alikwenda Ethiopia, kwenye njaa, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Tarehe 23 mwezi huo picha zikaonyeshwa Uingereza, na baada ya hapo vituo zaidi ya 400 duniani vikazichukua. Wanamuziki wakakusanyana, Julai 1985 ikafanyika Live Aid, na fedha nyingi zikachangwa. Watu waliokuwa wafe hawakufa. Hilo hatulifanyii mzaha.

Sasa itazameni taarifa ile tena, ipo mtandaoni. Sisi tuliitazama usiku ule kwa simu moja, vichwa vitatu. Kina mama wanaonekana, wengine wamekumbatia watoto wao, na majina yao hatuyasikii. Anayetueleza wao ni nani na wamefikaje pale ni Buerk. Picha ni za mtoto wa Afrika Mashariki, maneno ni ya mgeni, na mpaka leo watu wanaoikumbuka taarifa ile huyakumbuka maneno kwanza. Ndiyo kazi ya mpiga picha wa habari ilivyo. Amin alikuwa akilipigia shirika la Visnews: unapiga, unatuma, wengine wanakata na kusema.

Ndiyo maana sisi tunaona sehemu kubwa ya maisha yake si Korem yenyewe. Ni kule kutotosheka na kupiga tu. Baada ya taarifa ile hakungoja kutumwa tena. Yeye na Mohinder Dhillon, mpiga picha mwengine aliyezaliwa Punjab akafanya maisha yake Kenya, walitengeneza filamu yao wenyewe juu ya njaa ile, wakaiita African Calvary. Hapo ndipo mpiga picha anapokuwa muongozaji. Si kwa sababu ya cheo, bali kwa sababu sasa yeye ndiye anayeamua nani aseme, aseme lini, na filamu imalizikie kwa nani.

Tuseme kweli, jina la filamu halikutukalia vizuri. Calvary ni pale ambapo ndugu zetu Wakristo wanaamini Nabii Issa alisulubiwa. Muislamu wa Nairobi na Singasinga wa Kenya wanaipa filamu yao jina hilo: bila ya shaka walijua nani atakuwa mbele ya televisheni. Muongozaji naye hayuko huru kama tunavyodhani, mwenye kununua yupo daima. Ukitaka kumuona Amin anatazama kwa jicho lake mwenyewe, tafuta kitabu chake cha picha za Hija, kilichotoka mwaka 1978. Mule watu wamevaa nguo mbili nyeupe wamesimama mbele ya Mola wao, na hakuna anayekuomba umuonee huruma.

Mmoja wetu hakukubaliana nasi. Alisema mwenye njaa haulizwi kama anataka kupigwa picha; chakula kije kwanza, adabu baadaye, na nia ya Amin Mungu anaijua. Tulibishana mpaka umeme ukakatika. Na ana hoja. Lakini yule mama wa Sitalike hana njaa, wala sisi hatukuwa tunamletea msaada. Tulikuwa tunatafuta picha nzuri ya kuweka hapa.

Amin mwenyewe aliilipia kazi hii kwa mwili wake. Mwaka 1991, Addis Ababa, mripuko wa ghala la silaha ulimkata mkono wa kushoto. Akafungwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyopanda ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazidja, kwa wenzetu wa Komoro. Allah amrehemu.

Asubuhi tulirudi Sitalike. Mama alikuwa palepale. Tulisalimia, tukakaa naye chini, tukamuomba aseme yeye, kwa jina lake kama anapenda. Jina hakupenda. Maneno alikuwa nayo. Hakusema viboko ni wazuri hata mara moja. Alisema wanatoka mtoni usiku wanamaliza mahindi ya jirani yake, na kwamba wageni wanaowashangilia mchana huwa wamelala hotelini wakati ule. Tulimrekodi dakika nne, simu tumeishika sisi, mambo ameyapanga yeye. Mara mbili alitusimamisha akaanza upya, kwa kuwa mtoto alilia.

Tukampa simu atazame. Alitazama mpaka mwisho, hakucheka, akaturudishia na kutuonyesha kwa kidole: "Hapa futeni. Kanga imenianguka kichwani."

Tukafuta mbele yake. Na ile picha ya jana, ya vumbi na jua, tulimuonyesha pia. Akasema hiyo nayo ifutwe.