Mtafiti Akija Kijijini, Dai Mrejesho



Vyuo vikuu vyetu vina siku zao za kujionyesha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kule Morogoro, kina wiki ya kumbukizi ya Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, mwaka uleule chuo kilipoanzishwa na kupewa jina lake. Kuna mahafali, na kuna mabanda ya Nanenane. Hapo husomwa orodha: tafiti tulizofanya, miradi tuliyoendesha, wahitimu wetu walioshika nafasi kubwa. Sipingi. Mimi nina stashahada tu, na walionifundisha wengi walipita SUA, kwa hiyo heshima ipo. Ila katika orodha zile kuna jambo sijawahi kusikia likisomwa: vijiji vingapi viliulizwa maswali na vingapi vikaletewa majibu.

Nimepokea timu za watafiti mara kadhaa katika kata ninazofanya kazi. Wanakuja vijana wazuri, wana adabu, wana vishikwambi. Wanauliza kaya ina watu wangapi, unalima ekari ngapi, ulivuna gunia ngapi, mbuzi wangapi. Wanachota udongo kwenye mfuko wa nailoni na kuandika jina lako juu yake. Wanakaribishwa mahindi ya kuchoma. Kisha gari linaondoka na msimu unapita, na mwingine. Mzee mmoja kila tukikutana ananiuliza, "Bwana shamba, ule udongo wangu bado uko hospitali?" Watu wanacheka. Mimi sicheki sana, maana ule udongo una hela yake ndani.

Fikiria. Sehemu nyingi za huku juu Ufipa udongo una tindikali. Udongo wa namna hiyo unaishika fosforasi ya mbolea ya kupandia, mahindi yasiipate, nawe unabaki kulaumu mbolea au aliyekuuzia. Majibu ya kipimo yangekuambia kama shamba lako linahitaji chokaa kwanza, au samadi zaidi, au kama liko sawa. Bila majibu unanunua mfuko kwa kubahatisha, hata kama ni wa ruzuku. Majibu yako kwenye kompyuta ya mtu fulani mjini, na pengine yameshampatia shahada.

Msiniambie haiwezekani. Miaka ya 1990 watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda Mbinga kuchunguza ngoro za Wamatengo, vile vishimo vya mlimani vinavyozuia udongo usiteremke na maji. Wangeweza kupima vishimo, kuandika kitabu na kwaheri. Badala yake mwaka 1999 SUA ilikuwa na Kituo cha Maendeleo Endelevu Vijijini, kwa msaada wa JICA, na watu wake wakarudi Mbinga kukaa na wanakijiji na kupanga kazi pamoja nao. Kijiji cha Kindimba kilipata mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, wananchi wenyewe wakishiriki kuijenga. Huo ndio mrejesho ninaousema. Unausaga, unaula.

Nasi Ufipa tuna intumba. Mvua zikielekea kuisha nyasi zinazikwa ndani ya tuta, zinaoza, na msimu unaofuata tuta linasambazwa na kupandwa ulezi. Bibi zetu hawakufundishwa na chuo chochote. Wageni wameiandika tangu enzi za mkoloni, na maandiko mengi yako kwa Kiingereza, kwenye maktaba ambazo mkulima wa Kaengesa hatazifikia. Elimu ilitoka hapa bure. Ikirudi, basi iwe na nyongeza.

Tuzungumzie maharage, maana hapo ndipo fedha ya Ufipa ilipo. SUA wametoa mbegu zao: SUA 90 ilitoka mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, baadaye zikaja Mshindi na Pesa. Profesa Susan Nchimbi-Msolla ni mmoja wa watafiti wanaojulikana kwa kazi hiyo ya maharage pale SUA. Haya ndiyo mafanikio ya kusomwa jukwaani. Lakini ni nani hapa amewahi kuyapanda? Morogoro ni chini na kuna joto. Sisi tuko juu, usiku wetu ni wa baridi, magonjwa yetu ni mengine. Mbegu ya kule haiwezi kusemwa ni nzuri hapa mpaka ijaribiwe hapa, kwenye shamba la mkulima, pembeni ya Njano Uyole tunayoijua. Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Maharage hujichavusha yenyewe, hayabadiliki haraka kama mahindi chotara, kwa hiyo kilo chache kwa kikundi kinachochagua vizuri na kung'oa miche yenye ugonjwa zinaweza kuwa gunia baada ya misimu miwili. Kikundi kikitaka kuuza kama mbegu, kuna utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa chini ya TOSCI. Njooni ofisini niwaelekeze.

Wafanyabiashara, hili ni lenu pia. Mnajua bei inavyoshushwa pale Tunduma gunia likiwa na maharage ya rangi tatu. Mkulima akiwa na mbegu moja safi, nawe unabeba mzigo mmoja safi.

Kwa upande wa wahitimu, mmoja maarufu kuliko wengi aliyetoka Morogoro ni panya! Panya buku aitwaye Magawa alifunzwa pale na shirika la APOPO linalofanya kazi na SUA, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hongera yake. Chuo hichohicho kimechunguza panya shamba kwa miongo mingi: mvua zikianza mapema na kwa wingi, panya huzaana kabla hatujastuka, na jike mmoja anaweza kuzaa zaidi ya 10 kwa uzao mmoja. Ukitega peke yako, wa jirani wanahamia kwako. Mnatega kijiji kizima kwa pamoja, kabla ya kupanda. Elimu hii ingebandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji, ingeokoa mbegu nyingi kuliko hotuba.

Umbali hauwezi tena kuwa sababu. SUA wana Kampasi ya Mizengo Pinda kwa jirani zetu Katavi, na MUST ya Mbeya ina kampasi hapahapa Rukwa. Mtu wa Katavi kufika Namanyere si safari ya Morogoro.

Kwa hiyo timu ikija, mkaribisheni, lakini mtendaji aone kibali na barua ya halmashauri, na mkutano wa kijiji uandike kwenye muhtasari: nani anaongoza utafiti, wamechukua nini, watarudi mwezi gani kutueleza, kwa Kiswahili. Una haki ya kukataa kujibu swali, na mtafiti mwema hakasiriki. Nakala ya muhtasari nileteeni, kufuatilia ni kazi yangu.

Na ukienda Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, usirudi na kofia na kalenda tu. Vipando vya pale vinapendeza, lakini beba jani la maharage yako lenye madoa, limefungwa vizuri kwenye mfuko, na uulize ni ugonjwa gani na mbegu ipi inauvumilia. Uliza inauzwa wapi, kilo shilingi ngapi. Wakikupa namba ya simu, ipige palepale mbele yao uone kama inaita.