Jiwe Libaki Tabaka

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira,

Nani kwetu asiyelijua jiwe la Tabaka? Fundi hulichonga kwa panga, akalisugua kwa msasa na maji, likawa kiboko au bakuli la kuuzwa Nairobi na ng'ambo. Jiwe hilo ni riziki. Lipo jingine lisilochimbwa. Hujijenga lenyewe ndani ya mishipa ya damu ya mtu ambaye figo zake zimechoka, na hilo halina fundi wa kulichonga litoke.

Figo nzima hutoa fosfeti iliyozidi kupitia mkojo, tena huiandaa vitamini D ili mwili uitumie kalsiamu vizuri. Zikishindwa, fosfeti hurundikana, na tezi ndogo za shingoni huanza kuchota kalsiamu mifupani. Hapo chembe za ukuta wa ateri, ambazo kazi yake ni kusinyaa na kutanuka, hubadilika zikaanza kufanya kazi ya mfupa. Mshipa uliokuwa laini kama mpira huwa mgumu kama bomba. Moyo husukuma damu humo usiku na mchana mpaka ukalemewa. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo huuawa na moyo, nasi matangani tunaulizana: si alikuwa anaendelea vizuri?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuliyeyusha jiwe hilo, na mashine ya kusafisha damu huondoa sehemu tu ya fosfeti. Kwa hiyo nawaomba tuwahi.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mmoja wao akibisha hodi, mpe mkono apime. Akikuta presha iko juu, usimwambie ni jua la kuchuma chai. Nenda hospitali uombe damu ipimwe kreatinini na mkojo upimwe protini, kwa sababu figo huharibika kimya kimya. Na wewe mama unayeinama siku nzima kwenye majani chai, zile tembe za mgongo unazonunua kila jioni, diclofenac au ibuprofen, ukizizoea zinaumiza figo hizo hizo.

Ombi linalofuata najua litawakera wengine. Tukienda kumwona mgonjwa hubeba soda na mkate. Soda nyeusi ina asidi ya fosfori, na smokie na soseji mara nyingi hutiwa fosfeti kiwandani. Fosfeti ya kutiwa huingia damuni karibu yote, ilhali ya maharagwe karibu nusu hupita bila kufyonzwa. Kwa hiyo kabla ya kumnyang'anya mzee sahani yake ya maharagwe, tuanze na chupa tuliyomletea sisi wenyewe. (Ndizi na mboga ya saga zina mambo yake ya potasiamu, hayo amuulize mtaalamu wa lishe.) Tusimnunulie pia tembe za kalsiamu za "kutia mifupa nguvu" bila daktari kujua, maana zinaweza kuongeza jiwe. Zile za kuzuia fosfeti alizoandikiwa hufanya kazi akizimeza pamoja na chakula, kwa hiyo anayepakua ndiye amkumbushe.

Tumpelekee nini basi? Nauli. Mashine humtaka mara mbili au tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, na akikosa siku moja sumu hubaki mwilini. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, humlipia kipindi cha mashine aliyesajiliwa na kutimiza michango yake. Haimlipii matatu kutoka Magombo. Sisi tunajua kuchanga. Mchango wa mazishi hujaa jioni moja, na kiasi hicho kingemfikisha mtu hospitalini kwa miezi.

Jumapili hii, kabla ya matangazo ya kanisa kwisha, mmoja wetu asimame aulize: nani hapa anakwenda mashine wiki hii, na Jumanne nani atamsindikiza?