Kitui Imetoa Jaji Mkuu, Sasa Itoe Wakili wa Kiondo

Ukambani haujawahi kukosa wanasheria. Willy Mutunga, mzaliwa wa Kitui, alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Makau Mutua, naye wa Kitui, aliwahi kuongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani. Kivutha Kibwana alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kuwa gavana wa kwanza wa Makueni mwaka 2013. Wote watatu walijulikana kwa masuala ya katiba, haki za binadamu na siasa, na nchi iliwahitaji. Lakini mfugaji wa nyuki wa Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi, ana haja ya mwanasheria wa aina nyingine, naye ni wakili wa miliki bunifu.

Kiondo, kikapu cha Ukambani, ndicho mfano unaouma zaidi wa haja hiyo. Kwa miaka mingi Wakenya wamesimuliana kwamba Wajapani walijichukulia hataza ya kiondo. Wakili anayeijua kazi yake angeuliza kwanza: hataza hiyo ina nambari gani? Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na ususi ambao akina mama wa Ukambani wamerithishana kizazi hadi kizazi, kwa nyuzi za mkonge na za magome ya mbuyu, si jambo jipya. Hatari iko kwenye jina. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “kikoy” liwe alama yake ya biashara. Wafumaji wa Kenya hawakuwa na fedha za kupigania kikoi chao Uingereza. Waliokolewa na shirika la Traidcraft pamoja na mawakili wa huko waliojitolea bila malipo, na ombi lile likaanguka. Haki ilipatikana, ila kwa hisani ya watu wa mbali.

Sheria ya kuwakinga watu wetu ipo tayari. Kifungu cha 40A cha Sheria ya Alama za Biashara kinakiruhusu chama cha wazalishaji kusajili alama ya pamoja, na wasusi wa Taita wameshaitumia nafasi hiyo kwa vikapu vyao. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya mwaka 2016 nayo imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa ya jamii zao. Asali ya Mwingi, ambayo kituo cha utafiti cha ICIPE kiliisaidia kupata soko, inastahili kinga hiyo. Maembe ya Makueni pia.

Anayekosekana ni wa kuifanya kazi, na si ajabu, kwani njia yake ni ndefu na kijana wa Nuu ataipitia akiwa mbali na kwao. Shahada ya sheria ni miaka minne. Kisha kuna chuo cha mafunzo ya uwakili kule Karen, Nairobi, uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Hapo ndipo anapoanza kujifunza ufundi wenyewe: kupekua sajili za KIPI, taasisi ya serikali inayosimamia hataza na alama za biashara, kuandika maombi, na kuchunga tarehe. Tarehe ndizo roho ya kazi hii. Alama ya biashara huhuishwa kila miaka 10, hataza hukoma baada ya 20. Na mvumbuzi aliyekionyesha kifaa chake hadharani akipitisha miezi 12 kabla ya kuwasilisha ombi, kifaa hicho si kipya tena machoni pa sheria.

Hataza hudai pia sayansi. Marekani, kwa kawaida mtu hafanyi mtihani wa mawakili wa hataza bila elimu ya sayansi au uhandisi. Kenya yenyewe ina mfano mzuri: Norah Olembo, profesa wa baiokemia, aliiongoza ofisi iliyoitangulia KIPI. Kwa hiyo mwanafunzi wa kemia au kilimo katika chuo kikuu cha Kwa Vonza, Kitui, asidhani kwamba mlango huu si wake.

Serikali za Kitui na Makueni hutoa basari kila mwaka. Zitenge sehemu ya fedha hizo kwa wahitimu wa sayansi walio tayari kusomea sheria, kwa sharti kwamba watarudi kuvihudumia vyama vya wasusi, wakulima na wafugaji wa nyuki. Wakati wakisubiriwa, mawakili walioajiriwa na kaunti hizo waanze na kazi isiyohitaji kungoja mtu, ile ya kuandaa sajili ya maarifa ya jadi iliyoagizwa na sheria ya 2016. Kiondo kiwe cha kwanza kuandikwa.