Tuthamini Mikahawa ya Jamaa

Imekuwa desturi ya baadhi ya watumishi wa umma, wanapofika Unguja kwa mikutano, kuomba wapelekwe Kiwengwa wakale chakula cha Kitaliano. Hatuna ugomvi na chakula hicho. Waitaliano wamekuwa wengi katika mahoteli ya pwani ile ya mashariki tangu utalii uliposhamiri, na upishi wao umepata sifa duniani kote. Lakini yafaa wananchi wafahamu kwamba sifa hiyo haikuzaliwa katika mahoteli. Ilizaliwa katika majiko ya wakulima na vibarua, katika mikahawa midogo ambamo baba hupokea wageni, mama hupika, na watoto hupeleka sahani mezani. Hata leo, Mtaliano akitaka kukusifia mahali pa kula, aghalabu hukutajia jamaa yenye mkahawa kabla ya kukutajia chakula.

Na chakula chenyewe ni kipi? Kaskazini ya Italia kuna kitu kiitwacho polenta. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto. Kwa lugha yetu, huo ni ugali. Wakulima maskini wa huko waliula kwa karne nyingi, hata wengine wakapatwa na ugonjwa wa pelagra kwa kuwa hawakuwa na kitoweo cha kuulia. Leo polenta inauzwa kwa bei ya juu katika mikahawa ya miji mikubwa, na mtu hajioni duni kuiagiza. Nyanya nazo, ambazo bila ya hizo hatuwezi kuufikiri upishi wa Kitaliano, zilitoka Amerika, kama vile mahindi, muhogo na maharage yalivyotoka huko yakaja kwetu. Basi hatukupungukiwa kitu katika ghala. Tulichopungukiwa ni heshima tunayokipa kilichomo ndani ya sufuria zetu.

Wazanzibari hawana sababu ya kustaajabu habari za Waitaliano. Bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Barawa, Marka na Warsheikh, zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Alizikodisha kwa Italia mwaka 1892, na mwaka 1905 zikauzwa kabisa kwa paundi 144,000. Wasomali wa huko wakajifunza kula tambi na mchuzi wa nyama, wakazifanya zao, na leo ni chakula chao cha kila siku. Hilo si kosa. Kosa ni pale mtu anapojifunza cha mgeni kisha akaona haya kwa cha kwao.

Tulikumbuka mambo haya tulipokuwa Kasulu, mkoani Kigoma, kwa shughuli za Chama. Kasulu ni mji wa nyanda za juu, wenye baridi ya asubuhi na udongo mwekundu. Pembezoni mwa mji ipo mikahawa ya jamaa, ambayo wenyeji wa Bara huiita hoteli hata kama haina kitanda kimoja. Tulikula katika mmoja wapo. Mume alikuwa akipasua kuni uani, mke yuko jikoni, na binti yao, aliyekwisha kumaliza skuli, ndiye aliyetunza daftari la hesabu. Tuliletewa ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na mgebuka mkavu uliorostiwa.

Itazamwe vizuri sahani hiyo. Muhogo na maharage yamelimwa na Waha wenyewe. Maharage ya Kasulu na Kibondo hupakiwa katika malori yakalisha miji ya mbali. Mgebuka umevuliwa Ziwa Tanganyika. Mawese ni ya michikichi ya mkoa huohuo, ambayo Serikali ilianza kampeni ya kuifufua mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu zake bora. Hata chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikichemshwa na kuuzwa mbali kabla ya kuja Mjerumani, inatoka katika mkoa huo. Ni sahani gani ya Kiwengwa inayoweza kujitegemea namna hiyo? Sisi wenyewe Visiwani tunajua ni kiasi gani cha mboga na matunda ya mahoteli yetu huvushwa kutoka nje ya Visiwa, ilhali wakulima wetu wanaitazama bahari.

Pamoja na hayo, afisi nyingi zinapoandaa semina katika miji kama hiyo, chakula kinachoagizwa ni wali, kuku wa kisasa na soda. Ugali wa muhogo unaambiwa ni chakula cha shida. Kasumba hii ina asili yake. Wakati wa ukoloni Kigoma ilifanywa ghala la manamba. Vijana wa Kiha walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro, na mkoa wao ukaachwa bila barabara wala viwanda ili wasiwe na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi. Mtu aliyetoka huko alidharauliwa, na chakula chake kikadharauliwa pamoja naye. Mwaka 1975 Taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakakusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza thamani ya vyakula vyao. Inashangaza kwamba somo walilolielewa wanakijiji wasiojua kusoma linawapita watumishi wenye shahada.

Lakini dharau si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kwamba jamaa yenye mkahawa haionekani katika sheria zetu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huu ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ukarejeshwa mwaka 2024. Ni mpango mwema, nasi tunauunga mkono. Ila mwanamke na kijana hukopeshwa wakiwa katika kikundi. Mke, mume na binti yao si kikundi. Ili wapate mkopo, yule mama hana budi kujiunga na wanawake ambao hawapiki naye, wala hawalali na wasiwasi wa mkahawa wake.

Hapo ndipo tunapouliza swali la itikadi. Neno ujamaa limetoka katika jamaa. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, aliujenga juu ya mfano wa familia ya Kiafrika, ambamo kila mtu hufanya kazi na kila mtu hula. Jamaa inayopika kwa mikono yake na kugawana pato lake haimnyonyi mtu. Itakuwaje basi nchi iliyolijenga Azimio lake juu ya ujamaa ishindwe kuitambua jamaa katika fomu ya mkopo?

Jambo la pili ni madeni. Afisi inayokula leo haina budi kulipa leo, au walau ndani ya mwezi. Wenye mikahawa midogo katika miji mingi wana malalamiko ya namna moja: watumishi thelathini walilishwa siku tatu, karatasi zikatiwa sahihi, kisha ikawa njoo kesho. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya Serikali yanapitia mfumo wa NeST, na mzabuni hana budi kujisajili humo. Kwa kampuni ya mjini hilo ni jambo la saa moja. Kwa mama wa Kasulu ni nauli, ni kumlipa mtu wa kompyuta, na ni siku nzima bila kuuza. Maafisa ugavi wa halmashauri wawafuate watu hawa na kuwasajili, kama vile wakusanyaji wa ushuru wanavyojua kuwafuata bila kupotea njia.

Hatusemi kwamba kila mkahawa wa jamaa ni pepo. Ipo ambayo mtoto wa miaka kumi huosha vyombo wakati wenzake wako darasani. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kuwa mtoto wa mwenye mkahawa kusiwe kisingizio. Ipo pia ambayo imegeuzwa kuwa baa, meza ya chakula ikasukumwa kando. Mtaliano hunywa mvinyo wake akila, na anaondoka chakula kikiisha. Kwetu mtu huanza na kinywaji na chakula akakisahau. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 imeweka leseni na saa za kuuza. Isimamiwe, ili mtu mwenye watoto, au msafiri asiyetumia kileo, apate mahali pa kula kwa staha.

Halafu kuna moshi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umekusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022, na majenereta ya dizeli yakanyamaza. Hata hivyo yule mama bado anapika kwa kuni, kwa kuwa jiko la umeme la presha hununuliwa kwa fedha taslimu na kuni hununuliwa kwa fungu. Maharage ndiyo yanayoteketeza kuni kuliko chakula kingine. Yanachemka tangu alfajiri mpaka jua lipande. Halmashauri ya Mji wa Kasulu na Shirika la Umeme wakitaka mahali pa kuanzia, waanze na sufuria ya maharage ya mikahawa hiyo. Wampe mwenye nayo jiko hilo kwa malipo ya kidogo kidogo, yakatwe katika bili yake ya chakula ambayo Serikali bado haijailipa.