Mtesi aliyeomba dua
Watu humsifu Kaisari Constantine wa Roma kana kwamba ndiye wa kwanza kuwafungulia Wakristo milango ya jela. Aliyemtangulia ni kaisari Galerius, yule yule aliyeshabikia mateso yaliyoanza mwaka 303 chini ya Kaisari Diocletian, makanisa yakabomolewa na vitabu vitakatifu vikatiwa moto. Mwaka 311, akiwa hoi kwa maradhi, Galerius alitoa amri ya kuwaruhusu Wakristo wakutane tena na, usicheke, akawataka wamwombee kwa Mungu wao. Alifariki siku chache baadaye. Makubaliano ya Milan ya mwaka 313, kati ya Constantine na kaisari mwenzake Licinius, yalikwenda mbali zaidi: mali za kanisa zilizotwaliwa zirudishwe, na kila mtu, hata mpagani, aabudu apendavyo. Hilo la kila mtu ndilo lililosahaulika upesi. Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliamuru raia wafuate imani ya Utatu. Waliokataa wakaitwa wazushi. Haikupita hata miaka kumi, askofu Priscillian akakatwa kichwa mjini Trier kwa amri ya Maximus, kaisari Mkristo. Waliomshtaki walikuwa maaskofu wenzake.