FUNDI WA NYUMBANI: Mashine ya Chombo cha Matumbo Mawili

Juma hili tunamjibu mzee mmoja wa Lukozi, huko milimani Usambara. Mzee huyu ni mkulima wa kabichi na viazi, wala bahari haioni ila akishuka Tanga. Lakini kijana wake yuko Tanga, anaunda chombo cha matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha, urefu wa mita 8, cha kuchukulia watu na mizigo. Sasa amwomba baba yake auze kipande cha shamba, apate kununua mashine mbili za petroli, kila moja nguvu ya farasi 40. Mzee auliza: Je, niuze?

Mzee wetu, usiuze kwanza. Soma haya, kisha umpelekee kijana wako.

Watu wa pwani wajua tangu zamani faida ya chombo chembamba. Tazama ngalawa na matengo yake pande mbili. Tumbo jembamba hukata maji bila kuyasukuma sana, basi halitaki nguvu nyingi. Lakini halipendi uzito. Ukibandika mashine nzito nyuma, tezi hudidimia, na mwendo uliounulia hupotea.

Hesabu petroli pia. Mashine hula kama lita 2 kwa saa kwa kila nguvu 5 zinazofanya kazi. Mbili za farasi 40, zikienda kwa nusu ya nguvu, hula kama lita 16 kwa saa. Mbili za farasi 15, kwa nusu vilevile, hula lita 6. Mashine hununuliwa mara moja, bali petroli hununuliwa kila siku.

Je, dizeli? Dizeli hula kidogo zaidi, nayo haishiki moto upesi. Lakini ni nzito, yataka kutobolewa tumbo ili mtaimbo upite, na pangaboi lake hukaa chini daima. Maji yakipwa, litagonga mwamba. Yafaa jahazi pana. Kwa chombo chepesi kama hiki, mashine ya kubandika nyuma, inayoinuliwa ufikapo pwani, ni bora.

Kwa nini mbili, wala si moja kubwa katikati? Kwanza, moja ikizimika, nyingine itakurudisha nyumbani. Pili, zikikaa mbalimbali, chombo hugeuka kwa urahisi: moja mbele, moja nyuma. Tatu, ile ya katikati huinuliwa na mawimbi, pangaboi likapiga hewa badala ya maji. Lakini kila mashine iwe na tangi lake na chujio lake. Zikinywa tangi moja, na petroli ikaingia maji, zote mbili zitakufa pamoja.

Tena kuna pangaboi. Dereva wa lori la mboga ajua kwamba kupanda kutoka Mombo hadi Soni na mzigo hutaka gia ndogo. Pangaboi ndiyo gia ya chombo. Anayechukua mizigo achague lenye mkunjo mdogo. Ajaribu chombo kikiwa kimejaa. Ikiwa mashine haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake, mkunjo ni mkubwa mno.

Mwisho, jambo la roho za watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka ukakaa katika ngama, ukingoja cheche moja tu. Matangi yakae juu ya sitaha, penye upepo. Tanga na kasia za akiba zisikosekane, wala koti la kuelea kwa kila abiria. Kabla ya kupakia mtu, chombo kikaguliwe na kuandikishwa kwa TASAC. Tukumbuke MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, imejaa kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 200. Nguvu ya mashine haiokoi chombo kilichojazwa kupita kiasi.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili: mbili za farasi 15 zatosha kuanzia. Mwambie kijana ajaribu kwa hizo mwaka mmoja. Chombo kikileta faida, faida yenyewe itanunua mashine kubwa. Mashine huchakaa, lakini shamba la Lukozi litawalisha wajukuu.