KANUNI ZA BARAZA NA DAWA YA MGONJWA

Ndugu wanachama,

Sisi makarani twajua ya kuwa barua njema yaweza kulala jaladani mwaka mzima, si kwa kuwa yuko aliyeikataa, bali kwa kuwa haikupitia meza iliyopasa. Mabaraza ya kutunga sheria nayo ni vivyo hivyo. Sheria ya matibabu ikipita, watu husifu huruma ya wajumbe. Ikianguka, hulaumu ugumu wa mioyo yao. Mimi nasema, tutazame kanuni kwanza.

Mfano ni Marekani. Seneti yao ina wajumbe 100, na wanaozidi nusu watosha kupitisha mswada. Lakini mjumbe aweza kurefusha maneno ili kura isipigwe, na kuyafunga maneno hayo hutaka watu 60. Tarehe 24 Desemba 2009 mswada wa bima ya matibabu ulipita huko kwa kura 60 kwa 39. Mwezi uliofuata, uchaguzi wa Massachusetts uliwapa wapinzani kiti kimoja, na wenye mswada wakabaki 59.

Desturi ni mabaraza mawili kupatanisha maandishi yao, kisha kupiga kura tena. Njia hiyo sasa ilifungwa. Ikalibidi Baraza la Wawakilishi kuukubali mswada wa Seneti kama ulivyo, tarehe 21 Machi 2010, kwa kura 219 kwa 212. Masahihisho machache yakapitia kanuni ya bajeti, ambayo huweka mazungumzo ya Seneti katika saa 20 na kutaka wingi wa kawaida tu. Lakini mlango huo hauruhusu ila mambo ya mapato na matumizi ya serikali.

Hivyo yakabaki maneno ambayo karani mwangalifu angaliyasahihisha. Sheria ilitaja msaada wa kulipia bima katika masoko yaliyoanzishwa na jimbo, na majimbo 34 hayakuwa yameanzisha lake. Serikali kuu iliwaanzishia. Wapinzani wakaenda mahakamani ili watu wa huko wakose msaada. Mwaka 2015 majaji wa Mahakama ya Juu, 6 kwa 3, waliuokoa. Naye Jaji Mkuu John Roberts akaitaja kanuni ile ya bajeti kuwa miongoni mwa sababu za uandishi usio mzuri.

Mtu atasema kanuni ya 60 ni ngao ya wachache na yazuia pupa. Ni kweli. Mwaka 2017 waliotaka kuivunja sheria hiyo hawakuwa na 60. Nao wakapita mlango wa bajeti, wakashindwa kwa kura 49 kwa 51. Lakini kanuni izuiayo pupa, kisha ikazuia na masahihisho, imepita mpaka wake.

Basi mswada wa matibabu ukiletwa barazani popote, tusiulize tu ni nani aupendaye. Tuulize: nani aweza kuuchelewesha, na neno lililokosewa litasahihishwa lini? Mgonjwa hasomi kanuni za baraza, lakini ndizo zimpazo dawa au kumnyima. Sisi tuwezao kuzisoma, yatupasa kuzisoma kwa ajili yake.

Ni mimi,
Karani Mwenzenu